Mwizi Naye Anahitaji Mwanga

Ukipita Goba, Madale, Tegeta au Kigamboni baada ya saa moja usiku, nyumba ya mtu aliyemaliza kujenga huhitaji kuonyeshwa. Inawaka. Kila kona imefungwa taa kubwa, zile ambazo mafundi huziita fladi, na zote zimeinuliwa uso kuelekea barabarani. Nguzo za geti zimebeba globu mbili nyeupe. Juu ya ukuta, kila baada ya hatua chache, kuna taa ya sola. Wenye nyumba wamelala. Jirani wa mbele ameweka mapazia mazito kwa sababu hana namna. Mpita njia anakinga macho kwa kiganja mpaka avuke. Ukienda Kitengela au Syokimau kule Kenya, habari ni ile ile.

Uliza sababu, utajibiwa neno moja: usalama. Mwizi anaogopa mwanga, kwa hiyo aliye na mwanga mwingi ana usalama mwingi. Fundi anasema hivyo, muuza taa wa Kariakoo anasema hivyo, na shemeji aliyehamia kwake mwaka jana anasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Ni hoja iliyozoeleka kiasi kwamba anayeihoji huonekana ama bahili ama hajawahi kuibiwa. Mimi naihoji. Kwa nyumba za namna yetu, zilizozungushiwa ukuta mrefu, naona wazo hilo linamsaidia mwizi kuliko linavyomsaidia mwenye mali.

Tuanze na kile wanachokishika vizuri, maana wazo hili halikuzuka hewani. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa katika baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakakuta kwamba uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku umepungua kwa takriban asilimia 36. Ni matokeo mazito na sitayapuuza. Lakini tazama yalipopatikana: kwenye majengo marefu yenye mamia ya madirisha, watu wanaoingia na kutoka hadi usiku wa manane, vijana wamekaa ngazini, askari wanapita. Mwanga ule ulikuta macho yapo tayari, ukayapa kitu cha kuona.

Chicago nako walijaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vichochoro vya eneo la majaribio vilibadilishiwa taa, kutoka wati 90 hadi wati 250. Ripoti iliyotolewa mwaka 2000 ilikuta makosa yaliyoripotiwa katika eneo hilo yameongezeka kwa asilimia 21. Nitaambiwa kwamba huenda watu waliona zaidi, kwa hiyo wakaripoti zaidi. Inawezekana. Hata hivyo, anayetangaza kwamba mwanga unafukuza wezi hawezi kuuchukua ushahidi huo akautia mfukoni mwake. Kisha kuna utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia mamlaka 62 za mitaa, nyingi zikiwa zimezima au kufifisha taa za barabarani ili kubana matumizi. Haukupata ushahidi kwamba uhalifu uliongezeka kwa sababu ya kuzima.

Kwa hiyo mahali pengine mwanga umesaidia, pengine umeshindwa, pengine kutokuwepo kwake hakukuleta tofauti. Tofauti inatoka kwa mtazamaji. Jane Jacobs, Mmarekani aliyeandika juu ya maisha ya miji mwaka 1961, alishalisema hili: taa haina kazi kama hakuna jicho linaloutumia mwanga wake. Sasa chukua hoja hiyo uipeleke nyumbani kwako, saa nane usiku.

Ukuta wako una urefu wa mita mbili na nusu, wa tofali, umepigwa lipu. Geti ni la bati zito lisilo na tundu, kwa sababu hutaki watu wachungulie. Aliye nje haoni ndani. Walio ndani wamelala, mapazia yamefungwa, feni inavuma. Ndani ya uwanja huo uliojifungia, wewe umewasha taa nne za wati 50. Niambie, ni nani anayetazama? Mtu mmoja tu aliye macho katika eneo hilo ndiye anayefaidi: yule aliyeruka ukuta. Anaona kitasa. Anaona kwamba dirisha la stoo halina nondo. Anaona mbwa amefungwa wapi, na ngazi ya fundi rangi imelazwa wapi. Hahitaji tochi, na tochi ndiyo ingemsaliti, kwa kuwa mwanga unaotembea gizani humwamsha hata mtu mwenye usingizi mzito. Wewe umemwondolea hatari hiyo, tena kwa umeme wa LUKU ulioulipia mwenyewe.

Hapo ndipo watetezi wa mwangaza hukimbilia kwa mlinzi. Haya, tumzungumzie mlinzi, maana ndiye anayeonewa kuliko wote katika mpango huu. Amewekwa kwenye kibanda kando ya geti, na juu ya kichwa chake kuna taa. Kila anayepita anamwona: yuko macho au anasinzia, ana rungu au hana, yuko peke yake au wako wawili. Yeye hamwoni yeyote, kwa sababu jicho lililo ndani ya mwanga haliwezi kusoma giza. Aliyewahi kukutana usiku na basi lililowasha taa zote katika barabara ya Morogoro anajua kinachotokea: basi lenyewe halionekani, barabara haionekani, na mtembea kwa miguu pembezoni hayupo kabisa mpaka umemfikia. Watu wanaofanya kazi ya ulinzi kwa uzito wake humweka mlinzi gizani na mwanga mbele yake. Sisi tumefanya kinyume, halafu asubuhi tunamfokea kwamba alikuwa amelala.

Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho yana masharti yake. Yakitoka kwenye mwanga mkali huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na sekunde chache za mwanga mkali zinatosha kuyarudisha mwanzo. Taa kali huzaa pia kivuli kikali. Nyuma ya tangi la maji, nyuma ya gari, upande wa pili wa mti wa ashoki, pale ambapo fladi haifiki, pamekuwa peusi kuliko ambavyo pangekuwa bila taa yoyote, na mtu anaweza kusimama hapo hatua sita kutoka kwako usimjue. Mwezi mpevu ulio juu kabisa hautoi hata nusu ya laksi moja, kizio cha kupimia mwanga, na chini ya mbalamwezi hiyo watu wa pwani hutembea, huvua samaki na watoto hucheza, kwa kuwa mwanga wake ni sawa kila mahali na haumchomi mtu machoni. Fladi moja ya wati 50 ikimwagwa kwenye uwanja wa mita za mraba 100 inaupita mwezi huo zaidi ya mara mia, na bado inakuachia mahali pa kujificha mwizi.

Kisha umeme unakatika. Sihitaji kumweleza Mtanzania jambo hilo. Nyumba iliyokuwa mchana inakuwa shimo kwa nukta moja, na kila aliyemo, mlinzi akiwa wa kwanza, ni kipofu kwa muda wa kutosha kubeba televisheni, mtungi wa gesi na betri ya gari. Nyumba ya jirani yenye taa mbili hafifu haipati mshtuko huo. Mlinzi wake alishalizoea giza tangu jioni.

Kamera nazo zinaharibiwa na wazo hili hili. Mtu ananunua kamera nne, anafunga fladi juu ya kila kamera ili "isaidie", na siku ya tukio picha inaonyesha kivuli cha mtu mbele ya uwanja mweupe, uso haupo. Kamera nyingi za siku hizi zina taa zake za infraredi, ambazo jicho la mtu halizioni lakini kamera inazitumia kuona gizani. Zikiachwa zifanye kazi yake, uso utapatikana. Kama unataka kamera ionyeshe rangi, mpe mgeni mwanga wa wastani unaomwangukia kwa mbele, na taa yoyote isiielekee lenzi.

Naijua hoja nyingine, ambayo haitamkwi sana lakini ndiyo inayolipia taa nyingi kuliko usalama: heshima. Nyumba imekula miaka kumi ya mshahara, viwanja viwili vimeuzwa, mkopo wa benki bado. Kwa nini isionekane? Hapo sina ugomvi. Kutaka nyumba yako ionekane si dhambi. Ila fladi haionyeshi nyumba. Fladi inajionyesha yenyewe. Nenda usimame barabarani usiku utazame nyumba ya namna hiyo: utaona madoa manne meupe na nyuma yake giza lenye umbo la paa. Jiwe la Tanga ulilonakshi nalo ukuta, mlango wa mninga, bogavilia iliyopanda mpaka barazani, vyote vimemezwa. Mahoteli ya Mji Mkongwe yaliyofanya kazi hii kwa akili huwezi kuziona balbu zake. Unachokiona ni mlango wenye njumu na ukuta wa chokaa uliopata rangi ya asali. Taa nzuri ya mapambo ni ile ambayo mgeni hawezi kukuambia imefungwa wapi.

Rangi ya mwanga pia ina lake. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K, ya kelvini, ambayo wanunuzi wengi huiruka. Balbu ya 6500K ni nyeupe yenye ubluu, ile inayoupa uwanja sura ya duka la dawa. Ya 2700K au 3000K ni ya manjano, karibu na kandili. Watu hununua nyeupe kwa kuamini kwamba ina nguvu zaidi. Kinachotokea ni kwamba mwanga wa bluu hutawanyika zaidi hewani na ndani ya jicho, hasa jicho la mtu mzima aliyepita miaka 60, kwa hiyo bibi anayerudi kutoka msibani saa tatu usiku haoni ngazi za baraza lenu. Huvuruga pia usingizi, kwa kuwa mwili huuchukua kuwa ni alama ya mchana. Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba taa za LED za nje zisipite kelvini 3000. Bei ya balbu ni ile ile, rafu ni ile ile.

"Lakini LED haili umeme." Moja hapana, nne zinazolala zikiwaka, ndiyo. Usiku wetu, karibu na ikweta, ni wa saa kumi na mbili karibu mwaka mzima, hatuna majira ya joto yenye usiku mfupi ya kutupumzisha. Taa nne za wati 50 kwa saa 12 ni uniti 2.4 kila usiku, uniti 72 kwa mwezi. Kundi la watumiaji wadogo la TANESCO lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Maana yake fladi pekee zinakaribia kukitafuna kikomo chote, kabla friji haijawashwa wala pasi haijapata moto.

Na sola, mnasema, ni bure. Ile taa iliyoandikwa wati 300, yenye kipaneli cha sentimita 35 kwa 30? Hesabu yake ni fupi. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hubadilisha kama sehemu moja kwa tano kuwa umeme. Kipaneli hicho ni sehemu moja tu ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo jua likiwa utosini kinatoa wati 20 hivi. Kipe saa tano za jua kamili kwa siku. Ukigawa kilichokusanywa kwa saa 12 za usiku unapata wati nane au tisa, kabla betri haijachukua chake. Hizo wati 300 ziko kwenye kibandiko tu. Sisemi taa za sola hazifai. Taa ndogo ya njia ya wati mbili inayotumia jua inafaa sana. Nasema kwamba anayezinunua kwa kuamini namba ya kibandiko ananunua giza la saa tisa usiku, saa ile ile aliyoiogopa.

Wapo watakaosema haya ya kupunguza mwanga ni mambo ya Wazungu wanaohurumia nyota. Waulize wategaji wa senene. Bukoba, na ng'ambo ya mpaka kule Masaka, Uganda, msimu wa mvua ukifika watu husimamisha mabati na mapipa, wakawasha balbu kali usiku kucha, na wadudu wanashuka kwa maelfu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria nao huenda na taa kwenye usiku usio na mwezi kwa sababu hiyo hiyo. Wanajua kwa riziki yao kile ambacho mwenye fladi hataki kukijua: mwanga mkali mweupe unaita viumbe. Mvua za vuli zikianza, kumbikumbi wanajaa barazani, mijusi wanawafuata, vyura wanafuata wadudu, na nyoka hufuata vyura. Kwa wenye nyumba za ufukweni, Watamu au Mafia, yapo mazito zaidi. Vitoto vya kasa vikianguliwa usiku hutambaa kuelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maumbile ni bahari. Taa ya uwanja wako ikiishinda bahari, vinapanda kwako na kufa asubuhi juani. Na nyota si za Wazungu. Waliotutangulia walijua wakati wa kulima kwa kukitazama kilimia, na mpaka leo pwani nzima hutoka jioni kuutafuta mwezi mwandamo. Mtoto wa Mbezi leo anajua jina la kila mchezaji wa ligi ya Uingereza, na kilimia hajawahi kukiona akiwa kwao.

Sasa, kwa kuwa malumbano yasiyo na mbadala ni kelele, nieleze ningefanya nini kwa uwanja wa mbele wa kawaida: geti, njia ya gari, kibaraza, mti mmoja, bustani kidogo.

Kwanza sinunui chochote. Nachora uwanja kwenye karatasi na kuweka alama mahali ambapo macho huwa: dirisha la chumba cha kulala, kibanda cha mlinzi, tundu la geti, mahali dereva anaposimama akisubiri kufunguliwa. Kila taa lazima ijibu swali la nani ataitumia akiwa amesimama wapi. Ikishindwa kujibu, haiwekwi.

Kwenye geti naweka taa mbili za wati tano, zenye kofia, zinazomwaga mwanga chini, kwa nje, ili anayebisha hodi aonekane uso na namba ya nyumba isomeke. Mlinzi anakaa ndani ya kivuli, na balbu ya kibandani inakuwa na swichi yake. Ngazi za kibaraza zinapata taa ndogo ya ukutani iliyo chini ya kiwango cha macho. Njia ya miguu inapata taa fupi mbili au tatu, zisizopangwa mstari mmoja pande zote mbili, maana mpango huo huifanya njia ionekane ya kutulia ndege. Kwenye mti, kama ni mwembe au mwarobaini wenye matawi imara, naifunga taa ndogo juu, itazame chini kupitia majani, ipate kuchora vivuli ardhini. Hiyo ni ya wageni na ya macho ya mwenye nyumba. Saa nne usiku inazimwa na kitaima, pamoja na zile za njia.

Pembe zenye giza, nyuma ya tangi na ubavuni mwa stoo, ndipo penye kazi ya taa kali, lakini yenye sensa ya mwendo. Taa inayolala na kuwaka ghafla inamwambia mwizi kwamba ameonekana, na inamwambia mwenye nyumba kwamba kuna kitu. Taa inayowaka daima haimwambii yeyote lolote. Sensa ifungwe kwenye urefu wa mita mbili hadi mbili na nusu, ielekezwe ili mtu apite mbele yake kwa kukatisha, kwa kuwa huhisi vizuri zaidi hivyo kuliko mtu anayeijia moja kwa moja. Isitazame barabara, la sivyo kila bodaboda itaiwasha na baada ya wiki mtaacha kuijali.

Umeme wa nje si mahali pa kubana senti. Taa ziwe na kiwango cha IP65 au zaidi cha kuzuia vumbi na maji. Nyaya za ardhini ziwe zile zenye kinga ya chuma, zizikwe kama nusu mita kwenda chini, mbali na jembe la mtunza bustani. Na laini ya nje iwe na kifaa chake cha kukata umeme unapovuja. Karibu na bahari chumvi hula alumini rahisi kwa misimu michache, kwa hiyo shaba nyeupe au chuma cha pua kitakuwa nafuu kwa hesabu ya mbali. Jumla ya taa zinazowaka jioni katika mpango huu haifiki wati 40, na baada ya saa nne zinabaki za geti na ngazi.

Kabla hujamlipa fundi salio lake, mwite saa mbili usiku. Tokeni mpaka barabarani, kisha ingieni kwenye uwanja wa jirani kama ataruhusu, kisha mkae kidogo kwenye kiti cha mlinzi. Kila balbu mtakayoiona uchi kutoka sehemu hizo tatu igeuzwe au ivalishwe kofia usiku huo huo, ngazi ikiwa bado ipo. Fundi asiyetaka kuja usiku kukagua kazi ya usiku, mpe kazi ya kufunga feni.